Huku gari zee lina heshima, kwetu linaitwa chakavu

Jumamosi ya tatu ya Agosti sipangi jambo jingine. Nabeba kiti na chupa ya chai, naenda kukaa kando ya barabara ya Woodward, nje kidogo ya Detroit hapa Marekani, kutazama magari ya zamani yakipita. Msafara huu wa magari ulianza mwaka 1995. Ninalolisubiri mimi ni Pontiac GTO ya 1964.

Unalisikia kabla hujaliona. Likisimama kwenye taa nyekundu, ile V8, injini ya silinda nane, inadunda kifuani kama ngoma ya mbali. Na lilizaliwa kwa ujanja: wakubwa wa General Motors, kampuni mama ya Pontiac, walikuwa wamekataza injini kubwa kwenye magari ya ukubwa wa kati, basi John DeLorean na wahandisi wenzake wa Pontiac wakaiuza ile ya lita 6.4 kama nyongeza tu kwenye gari lao la Tempest, dola 295. Nguvu za farasi 325, kwa bei ambayo kijana mwenye ajira aliimudu! Zama za magari hayo hazikudumu. Bima ikapanda, sheria za moshi zikaja, kisha mafuta yakaadimika 1973.

Kilichoniteka hasa ni boneti. Wenyewe huegesha kwenye nyasi na kuiacha wazi, nawe ukiinama unaona kabureta, nyaya za plagi, feni, na mkono unapita popote. Mzee mmoja alinionyesha gasketi, kile kizibo cha kati ya vyuma vya injini, aliyoibadilisha mwenyewe. Papo hapo nikamkumbuka mjomba.

Mjomba alikuwa na Land Rover 109, injini ya lita 2.25, haifiki hata nusu ya ile. Kwa gari hilo alishusha kabichi na watu kutoka Mlalo, juu kwenye milima ya Usambara nchini Tanzania, hadi Mombo bondeni, mvua ikinyesha, kona moja baada ya nyingine. Kwa sauti tu alijua plagi ipi haichomi. Gasketi aliikata kwa mkasi kwenye karatasi ngumu. Alipofariki, gari likauzwa kwa kilo kama chuma. Niliulizwa kwa simu, nikasema liuzwe. Najuta mpaka leo.

Hapa Michigan gari likizidi miaka 25 linaweza kupewa namba maalumu ya gari la kihistoria. Tanzania, gari lililotimiza miaka 8 likiingia bandarini linatozwa ushuru wa ziada, na wengi tunauita wa uchakavu. Ushuru wenyewe siupingi, maana hatutaki kuwa jalala la wenzetu. Ninachopinga ni kulichukua neno hilo na kulibandika kwenye magari ambayo tayari ni historia yetu: 109 za milimani, au Peugeot 504, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Sisemi Wamarekani wana mapenzi kutuzidi. Wana gereji nyumbani, na gari jingine la kwendea kazini. Mjomba alikuwa na lile lile moja, likafanya kazi mpaka likaisha. Lakini leo wapo kwetu wenye magari mawili matatu, na bado la baba wanaliona aibu uani.

Juzi binamu yangu amepiga simu. Njia ya Soni, huko huko Usambara, kuna mwalimu mstaafu mwenye 109 iliyolala chini ya mti, magurudumu hayana upepo, injini imo. Nimemwomba amsihi mzee asiiuze kwa kilo, aniuzie mimi. Nusu ya fedha natuma mwisho wa mwezi huu.