Nani kasema Donne mkavu?

Lawama ni ya zamani, eti washairi wa metafizikia wa Uingereza, wale wa kujenga hoja kwa mifano ya ajabu ajabu, kina John Donne na wenzie wa karne ya 17, walikuwa wanaonyesha akili tu, mapenzi hamna. Mhakiki Samuel Johnson mwaka 1779 alilalamika wanachukua vitu visivyohusiana wanavifunga pamoja kwa nguvu, na watu mpaka leo wanarudia hivyo hivyo. Mi sikubali.

Chukua shairi lake la kuagana, Donne anamwambia mpenzi wake asilie, roho zetu ni miguu miwili ya bikari, hii hii ya darasa la hesabu, wewe umesimama katikati mimi nazunguka, nikienda mbali unainama kunifuatia, nikirudi unasimama wima. Kikavu kipi hapo? Mtu anaondoka, mwenzie machozi yanamlenga, maua na nyota kila mtu alishasema, yeye anamtafutia ushahidi kabisa kwamba hawaachani. Na hofu ya kutenganishwa jamaa aliijua, 1601 alimuoa Anne More kwa siri, baba mkwe akacharuka, Donne akapoteza kazi na jela akaingia. Ila kinachonikera, mbona anayezunguka ni yeye tu? Kama aliyeambiwa ni Anne, basi huyo wa katikati alibaki na watoto, akafa 1617 baada ya kujifungua wa 12.

Shairi lake la kiroboto sasa, jamaa anambembeleza mwanamke alale naye, ni fiksi tupu, na Donne anajua. Kiroboto kawang'ata wote wawili, damu zimechanganyika tumboni mwake, kwa hiyo tumeshaoana humo, unanikatalia nini? Utamu uko kwenye pengo kati ya ubeti wa pili na wa tatu: mwanamke hatumsikii akisema neno ila hapo hapo anamponda kiroboto kwa ukucha, hoja yote chali. Jamaa bila aibu anageuza, si umeona hujapungukiwa kitu, basi hata ukinikubali heshima yako itapungua hivyo hivyo. Mi nampigia makofi mwanamke.

Ben Jonson, mshairi wa zama zake, alisema Donne anastahili kunyongwa kwa kuvuruga mapigo, na wazee wetu wa vina na mizani nadhani wangeshika kamba. Lakini hesabuni jamani, kwenye kiroboto mishororo inarukaruka mizani 8, 10, 8, 10, kule kwenye kuagana ni 8 karibu mwanzo mwisho, imetulia, maana kule hakuna anayeghilibiwa.