Anayepima Samaki Naye Anakula

Jumapili jioni binti wa jirani yangu hapa Umoja alibisha mlango, simu mkononi. Amehitimu mwaka huu, shahada ya biolojia ya bahari. "Anti, nimepata!" Nikasoma. Miezi sita Kwale, kupima mikoko na kuhesabu samaki wanaoletwa ufuoni. Malipo hakuna. Chumba ajitafutie, chakula ajinunulie, nauli juu yake, na buti aende nazo. Mwisho wameandika kwamba ni nafasi adhimu ya kujenga uzoefu.

Nilinyamaza, kwa sababu hasira ilikuwa imenipanda na sikutaka kuizima furaha yake.

Miaka mingi iliyopita nilipata barua kama hiyo. Mama aliuza marobota mawili ya mitumba pale Gikomba kabla hata hayajafunguliwa, kwa hasara, ili nipande basi la Mombasa.

Nilijifunza mengi, hilo silikatai. Nilifika pwani na majina ya samaki ya Kilatini, wavuvi wakanifundisha tafi, changu na pono. Wakanifundisha pia kwamba kazi ya ufuoni hupangwa kwa bamvua, maji yanapokupwa mbali, wala si kwa kalenda ya ofisi. Nikajua kwamba mkoko wenye ile mizizi iliyopinda kama magoti hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, kwa hiyo unaparamia mizizi huku umebeba futi na daftari, tope limekujaa mwilini. Darasani Nairobi nisingeyapata hayo. Lakini ningejifunza hayo hayo nikiwa nimeshiba.

Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nakula mahamri ya deni. Mradi ule ulikuwa na pesa za mafuta ya boti na pesa za warsha hotelini. Vipimo vyangu viliingia kwenye ripoti, jina langu halikuingia. Tulikuwa watatu. Mmoja alikuwa kijana wa pale pale kijijini, mwana wa mvuvi, aliyewajua samaki kuliko sisi wote. Wiki ya sita aliacha akaenda kuendesha bodaboda, kwa sababu nyumbani walimtegemea. Mwingine alikuwa akitumiwa pesa na babake kila Ijumaa, na leo ni mtafiti. Yeye hana kosa. Ila bahari ilimpoteza yule wa kwanza, na hakuna aliyeuliza alikwenda wapi. Hilo linaniuma hadi leo. Tunachuja wanasayansi kwa mifuko ya wazazi wao, halafu tunashangaa utafiti wa Pwani ukifanywa na wageni.

Wapo watakaosema pesa hazipo. Kwa kikundi kidogo cha kijiji naweza kukubali, shingo upande. Lakini tazameni Gazi, kijiji cha huko huko Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni ya hekta 117 za mikoko tangu 2013, yaani hulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti hiyo huinyonya na kuihifadhi, na mapato yamesaidia maji na shule. Anayenunua kaboni hiyo anaamini vipimo. Vipimo hivyo huchukuliwa na mtu aliyesimama kwenye tope, na mtu huyo ana kodi ya kulipa.

Kwa vijana wengine mnaoniuliza pa kuanzia: jifunzeni kuogelea kabla hamjaondoka Nairobi, na takwimu msizikimbie. Msidharau maji baridi pia. KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, ingawa makao yake makuu yako Mombasa, ina vituo Kisumu na Naivasha, na Naivasha unaenda na kurudi kwa matatu siku hiyo hiyo.

Kuhusu ile barua, tulikaa mezani tukaandika jibu. Ameshukuru kwa nafasi, ameeleza anachoweza kufanya, kisha ameomba nauli, kodi ya chumba na chakula cha mchana kwa miezi yote sita. Aliogopa.

"Anti, watampa mtu mwingine."

Nikamwambia inawezekana, sitamdanganya. Alisoma barua mara mbili, akafuta neno "samahani" lililokuwa mwanzoni, akaituma.