Siku ya 28 haisubiri kliniki

Mwandishi wa makala yenu kuhusu mwanzo wa mimba kaeleza vizuri jinsi kiinitete (mtoto akiwa mchanga kabisa tumboni) kinavyojigawa matabaka matatu wiki ya tatu, ila kapita haraka penye uzito. Tabaka la nje halitoi ngozi peke yake. Ubongo na ugwe mgongo (uzi wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo) vinatoka humo humo. Mrija unaovijenga hujifunga kufikia siku ya 28 hivi baada ya mimba kutungwa. Siku ya 28! Huku kwetu Mbagala wengi wakati huo wanajua hedhi imechelewa tu. Mpwa wangu alizaliwa na mgongo wazi, yaani mrija huo haukujifunga vizuri, na mama yake alianza kliniki mimba ikiwa na miezi minne. Asidi ya foliki (aina ya vitamini B), mikrogramu 400 kila siku, hupunguza hatari hiyo, lakini ianzwe kabla ya kushika mimba. Mhariri, hilo liandikwe juu kabisa.