Kigezo kinachomeza maneno kimya kimya

Juzi nilipigiwa simu na mwalimu mstaafu wa Tukuyu, mmoja wa wazee wanaotusaidia kujaza wiki yetu ndogo, yaani tovuti inayoandikwa na watu wengi kama Wikipedia, ya kata na vijiji vya Nyanda za Juu Kusini. Nikamwamkia. Marahaba yenyewe hakuimaliza. "Mwanangu, mimi nimeandika, mashine imemeza."

Nikafungua ukurasa wake. Kweli, kwenye sehemu ya kuhariri kulikuwa na |zao_kuu = chai na ndizi, na chini yake |idadi_ya_wakaazi ikiwa na tarakimu zake. Kwenye sanduku la taarifa, lile la muhtasari analoliona msomaji, patupu. Kigezo chetu, yaani kiolezo kinacholichora sanduku hilo kwenye kila ukurasa, kinaijua idadi_ya_wakazi, ya "a" moja. Hiyo zao_kuu hakijawahi kuisikia.

Ndivyo MediaWiki, programu inayoendesha wiki yetu, inavyofanya kazi. Ukikipa kigezo parameta (jina la taarifa, kama zao_kuu, pamoja na unachokijazia) ambayo hakiitumii, hakigomi wala hakiulizi, kinaipita tu. Herufi kubwa mahali pa ndogo, nafasi mahali pa mstari wa chini, kwake ni jina jingine kabisa. Ukisahau alama ya =, ulichoandika baada ya mstari wima kinageuka parameta namba 1, nacho kinapotea vilevile. Ukimtuma mtoto Mwanjelwa vitu vitano akarudi na vinne, walau atakuambia cha tano amekikosa.

Mimi mwenyewe nimeharibu zaidi ya Mwalimu. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kwa hiyo kurasa za Mbozi, Momba na Ileje zilikuwa na parameta ya mkoa_wa_zamani. Siku moja nikaona jina hilo refu, nikalibadilisha ndani ya kigezo likawa mkoa_awali. Kurasa zenyewe sikuzigusa. Miezi ikapita, Ileje ikisomeka kana kwamba haijawahi kuwa Mbeya. Hakuna aliyelalamika, maana nani analalamikia mstari ambao hauoni?

Dawa ipo, na si ngumu. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza kuna moduli, kipande cha programu kilichoandikwa kwa lugha ya Lua, ya kukagua parameta zisizojulikana, nasi tumeichukua. Mwisho wa kigezo unaiorodheshea majina yote halali. Likija jina lisilo kwenye orodha, ukurasa unawekwa kwenye jamii ya ufuatiliaji, yaani kundi la kurasa za kukaguliwa na wahariri, na mhariri akifungua hakikisho kabla ya kuhifadhi anaonyeshwa onyo lenye jina hilo. Msomaji haoni kitu, na ndivyo inavyopaswa: aliyekuja kusoma habari za Ziwa Ngozi hana haja ya kusomeshwa makosa yetu kwa wino mwekundu. (Orodha nayo inataka kutunzwa. Ongeza parameta kwenye kigezo, sahau orodha, uone utakavyomkaripia mtu aliyeandika sahihi.)

Tulipoiwasha, jamii ikajaa kurasa. Wenzangu wawili wakapendekeza tutume roboti, programu inayohariri kurasa yenyewe, ifute kila parameta isiyotambulika, mambo yaishe. Hapo niligoma, na bado nimegoma. "Wakaazi" ni kosa la kuandika, lirekebishwe. Lakini zao_kuu si kosa. Ni mtu wa Rungwe anayetuambia kwamba sanduku letu lina nafasi ya eneo la kata kwa kilomita za mraba, halina nafasi ya kitu ambacho watu wa kata hiyo wangekitaja kwanza. Roboti haiwezi kutenganisha hayo mawili, na ikishafuta, hayo maarifa nani atakwenda kuyatafuta kwenye historia ya ukurasa? Jamii ile mimi naisoma kama sanduku la maoni, ukurasa mmoja mmoja, jioni nikiwa na kifurushi.

Basi tukaongeza zao_kuu, kwenye kigezo na kwenye orodha. Nikampigia Mwalimu kumpa habari. Akashukuru, kisha akasema ameandika na siku_ya_gulio.

"Onyo hukuliona, Mwalimu?"

"Nimeliona. Nimehifadhi hivyo hivyo, mtaongeza."