Abiria Ni Mzigo Unaojibeba

Tiketi ya ndege ina mazingaombwe. Ukishailipia unajiona bwana mkubwa, mabega juu, kumbe umenunua haki ya kupangishwa foleni.

Wa kwanza kukupokea ni mizani. Begi la chini, mara nyingi kilo 23, basi. Ikizidi, unapiga magoti palepale, zipu wazi, na halaiki nzima inazijua chupi zako. Usidhani pia kwamba pesa ya uzito wa ziada itakuruhusu kusafirisha jabali: begi moja likipita kilo 32 mashirika mengi hulikataa, kwa kuwa yupo binadamu wa kulinyanyua, na mgongo anao mmoja. Hapo sina neno. Kichekesho ni begi la mkononi: mara nyingi unaruhusiwa kilo 7, na hilo la magurudumu likiwa tupu tayari limekula 2 au 3! Pimeni nyumbani, jamani. Panda mizani na begi, panda tena bila begi, toa. Hesabu ya darasa la pili hiyo.

Halafu ukaguzi wa begi la mkononi. Chupa ya mililita 150, mafuta yamebaki robo, inakwenda pipani. "Lakini yamebaki kidogo!" Mkaguzi haangalii kilichobaki, anasoma kilichoandikwa kwenye chupa. Kikomo ni mililita 100, na vichupa vyote viingie mfuko mmoja unaoonyesha, wa lita 1. Adha hii ilianza Agosti 2006, Uingereza ilipozima njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji. Tangu siku hiyo shampuu ni mtuhumiwa. Vipo viwanja vilivyolegeza baada ya kupata mashine mpya, ila usiringe: unakobadilishia ndege huenda bado wanashika ya zamani.

Pawabenki nayo ina kesi ya kinyume. Marufuku begi la chini, kaa nayo juu, maana betri ya lithiamu ikiwaka kwenye shehena hakuna wa kuikimbilia na maji. Mwisho wati-saa (Wh) 100 bila kibali cha shirika, kama miliampia-saa (mAh) 27,000 hivi. Maandishi ya kipimo hicho yakifutika, jiandae kuiaga.

Huko juu abiria anamtukana mpishi. Mpishi kaonewa! Hewa ni kavu, unyevu chini ya asilimia 20, na presha ya hewa ni ya mtu aliyekaa mlimani, mita 1,800 hadi 2,400. Pua inakauka, chumvi na sukari zinafifia mdomoni. Presha hiyohiyo inaivimbisha hewa ya tumboni, kwa hiyo aliyekula maharage usiku wa kuamkia safari awahurumie wenzake. Dirisha la ndege halifunguki. Wakati wa kushuka masikio yataziba: meza mate, piga miayo, mtoto mpe anyonye.

Magurudumu yakigusa ardhi, watu wima, viwiko mbavuni, wanakimbilia mkanda wa mizigo ambao haujaanza hata kuzunguka. Begi lisipotokea, au likija limevunjika, nenda kaunta ya mizigo kabla hujatoka ukumbini, uandikishe, upewe namba ya ripoti. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa safari za ndege za kimataifa, lililoharibika lalamikia kwa maandishi ndani ya siku 7. Lililochelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Ukishatoka nje mikono mitupu bila kuandikisha, haya, kawaeleze kwamba gurudumu halikung'okea kwenye teksi.