Baraza la parokia na kibali cha ujenzi: wasikilizwe lini?

Mtu akitaka kujenga nyumba kumi kwenye malisho nje ya kijiji huko England, ombi lake huenda halmashauri ya wilaya, na nakala hufika kwa baraza la parokia. Jina lisimpotoshe msomaji: tangu sheria ya mwaka 1894 baraza hili si chombo cha kanisa. Ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa. Yapo takriban 10,000, yakitunza viwanja vya michezo, makaburi na taa za njiani. Kuhusu ujenzi, lina haki ya kuarifiwa na siku 21 za kutoa maoni. Anayeamua ni wilaya.

Malalamiko yanaanzia hapo, na mengi yana msingi. Baraza dogo hukutana mara moja kwa mwezi. Ombi likiingia siku mbili baada ya kikao, siku 21 zinakwisha kabla ya kikao kijacho. Karani aitishe kikao cha dharura au aombe kuongezewa muda, na wilaya nayo imebanwa na ukomo wa wiki nane za kuamua, 13 kwa miradi mikubwa. Wajumbe wanaojua mtaro gani hufurika kila masika wanaweza kuandika kurasa mbili, zikaishia kuwa mistari mitatu katika ripoti ya ofisa mipango. Mwombaji akinyimwa kibali anakata rufaa kwa wakaguzi wa serikali kuu. Baraza likishindwa halina rufaa. Limebakiwa na Mahakama Kuu, ndani ya wiki sita, kwa gharama zinazoweza kumaliza bajeti ya kijiji.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaotaka baraza lipewe kura ya turufu. Tazama ni nani huja kikaoni: aliyekwisha kupata nyumba. Muuguzi anayekodi nyumba mji wa jirani kwa kukosa nyumba kijijini hayupo, wala kijana ambaye bado analala kwa wazazi wake. Halafu pingamizi nyingi husimama juu ya mambo ambayo sheria haiyapokei, kama kuzibwa kwa mandhari ya dirishani au kushuka kwa bei ya nyumba ya jirani. Usalama wa barabara, mafuriko, kelele, kukosa mwanga: hizo ndizo hoja za kimipango. Serikali imeahidi nyumba milioni 1.5 katika muhula huu wa bunge, na sioni zitajengwaje iwapo kila kijiji kinaweza kusema hapana.

Nguvu halisi ya parokia iko mapema zaidi, kwenye mpango wa eneo, yaani kanuni za kijiji kuhusu nini kijengwe na wapi, ulioanzishwa na sheria ya mwaka 2011. Baraza huuandaa, mkaguzi huru huupitia, wakazi huupigia kura. Ukipita, unakuwa kipimo cha kisheria cha kila ombi, na fungu la parokia katika tozo ya miundombinu wanayolipa wajenzi, pale inapotozwa, hupanda kutoka asilimia 15 hadi 25. Mwaka 2016 wakazi wa St Ives, Cornwall, walipitisha kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura kanuni kwamba nyumba mpya ziwe makazi ya kudumu, si za likizo. Kampuni ya ujenzi ilikwenda Mahakama Kuu ikashindwa. Kanuni hiyo haigusi nyumba za zamani, na huo ni udhaifu mkubwa, lakini uamuzi ulikuwa wa wakazi wenyewe.

Tatizo ni kwamba mpango huchukua miaka na hudai wataalamu. Kijiji chenye wanasheria na wasanifu wastaafu huumaliza. Kijiji maskini huchoka njiani. Ndiyo maana nasikitishwa na uamuzi wa mwaka 2025 wa kusitisha ruzuku ya kitaifa iliyosaidia kazi hiyo. Mwaka huohuo, muswada wa mipango na miundombinu ulitaka serikali kuu iamue maombi yapi yaende mbele ya kamati ya madiwani na yapi yaishie kwa maofisa. Katika halmashauri nyingi, pingamizi la parokia lenye hoja ya kimipango ndilo limekuwa likilitoa ombi mezani kwa ofisa na kulipeleka kwenye kamati, hadharani. Mlango huo ukibanwa wakati ruzuku imekwisha kuondolewa, vijiji maskini vitabaki na zile siku 21 tu.