Shafti ya Mbele Ikianza Kugonga, Ibadilishwe Nzima

Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele hutoa taarifa mapema shafti zake, yaani vyuma vinavyopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi magurudumu hayo, zinapochakaa, lakini wengi wetu huisikia taarifa hiyo kwa miezi bila kuifanyia kazi. Ukiondoka huku usukani umekunjwa hadi mwisho, unasikia ka-ka-ka upande wa gurudumu: hiyo ni jointi ya nje, yaani kiungo cha shafti kinachokunjika, ambayo gololi zake sita zimekwisha kuzichimba njia zinamopita. Iwapo kona haina mlio ila gari linatetemeka unapokanyaga mafuta, mara nyingi ni jointi ya ndani, upande wa giaboksi.

Katika Corolla yangu mlio ulianza baada ya fundi mmoja kukuta mpira unaoifunika jointi na kuhifadhi grisi yake umepasuka, akaujaza grisi na kuufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Nilimlipa na kuondoka nikiamini nimeokoa fedha. Nilipokuja kuufungua ukanda ule mwenyewe, grisi niliyoikuta ilikuwa nyeusi na nyepesi, na nilipoisugua kati ya vidole ilikwaruza kama msasa, kwa sababu mchanga wa barabara yetu ya mtaani ulikuwa umeingia humo wote.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: mpira uliopasuka ubadilishwe mara moja, kabla mchanga haujaingia, lakini jointi ikishaanza kugonga, mpira mpya na grisi mpya havisaidii, maana chuma kilicholika hakirudi. Wapo mafundi hodari wanaohamisha jointi ya kulia kwenda kushoto ili gololi zisukume upande wa njia ambao haujalika sana. Ujanja huo una mantiki, kwa kuwa gari huenda mbele zaidi kuliko nyuma, ila mimi nauhesabu kuwa wa kukufikisha safari, si wa kukaa nao.

Kuhusu spea, kati ya shafti mpya ya bei rahisi isiyojulikana ilikotoka na shafti halisi iliyotumika kutoka Japani, nachagua iliyotumika, mradi niikague kwanza: niishike mikononi, niizungushe na kuikunja kila upande, nihakikishe haichezi wala haikwami, kisha niivalishe mipira mipya na grisi nyeusi ya molibdenamu iliyokusudiwa jointi hizi.

Kazi yenyewe inawezekana nyumbani, penye sakafu ngumu na tambarare. Sitakubaliana kamwe na anayeingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Stendi mbili za chuma ni lazima, na magurudumu ya nyuma yawekewe kabari. Nati kubwa ya katikati ya gurudumu, ya milimita 30 katika Toyota nyingi ndogo, ilegezwe gari likiwa bado chini na mtu amekanyaga breki, baada ya kuinua kwa tindo ule ukingo wake uliogongewa kwenye mfereji wa shafti. Boljointi ya chini, kiungo kinachoshika gurudumu na mkono wa chini, ikishaachiliwa, habu, yaani kitovu kinachofungwa gurudumu, huvutwa nje na meno ya shafti hutoka. Upande wa giaboksi tumia mtarimbo, ukiubana kati ya giaboksi na jointi ya ndani. Ukivuta shafti yenyewe, jointi ya ndani itaachana na kumwaga vipande vyake. Weka beseni, kwa kuwa oili itamwagika, na ubadilishe sili inayozuia oili isivuje kabla ya kuingiza shafti mpya, ambayo huingia hadi usikie kipete chake, ile pete ndogo ya chuma ya kuishikilia, kimejifunga.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni kukaza nati ile kwa kukisia. Katika Corolla za toleo la E120 kipimo chake cha kukazia ni nyutoni-mita 216, na nati hiyo ndiyo inayoibana beringi ya gurudumu, hivyo ikilegea beringi hufa hata kama shafti ni nzima. Kwa sababu hiyo hiyo gari lisisukumwe likiwa limesimama kwa magurudumu bila shafti. Niliazima spana ya kupimia nguvu kwa jirani, nikafunga nati mpya, nikaigongea ukingo wake, nikaongeza oili iliyopungua. Usiku ule nililaza kipande cha boksi chini ya giaboksi. Asubuhi kilikuwa kikavu, na nilipokata kona ya kutokea getini, usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho, nilisikia injini tu.